Mkataba wetu ulifungwa kwa WhatsApp, bila wakili wala muhuri. Je, una nguvu kisheria?

Swali la msomaji:

"Natengeneza sabuni ya maji, na chupa nazinunua kwa msambazaji mmoja. Tulizungumza kwa simu na meneja mauzo wake, tukaelewana aniletee chupa elfu nne kila mwezi kwa mwaka mzima. Akanitumia karatasi ya ukurasa mmoja kwa WhatsApp. Nikaichapa, nikasaini, nikaipiga picha na kumrudishia. Akajibu kwa alama ya dole gumba, basi. Hatukwenda kwa wakili, hakukuwa na shahidi wala muhuri. Kwa miezi mitano mzigo ulikuja na nikalipa kila ankara. Mwezi wa sita wakasitisha. Wanasema malighafi imepanda bei, kwamba meneja yule hakuwa na mamlaka, na kwamba 'karatasi ya WhatsApp si mkataba'. Ni kweli karatasi ina bei ya miezi sita ya kwanza tu. Kwa sita iliyobaki inasema 'bei itakubaliwa baadaye'. Kuna pia kipengele kwamba atakayevunja mkataba atamlipa mwenzake mara tatu ya thamani yote ya mkataba. Nimelazimika kununua chupa kwingine kwa bei ya juu, na nimepoteza zabuni kubwa ya hoteli kwa kuchelewa. Rafiki yangu anasema bila mashahidi wawili sina kitu. Je, nina mkataba kweli, au nilijidanganya?"

Jibu:

Hukujidanganya. Kwa maelezo uliyonipa mkataba upo, na mwezi wa sita ni wako karibu bila ubishi. Ile miezi sita ya mwisho ndiyo yenye kubishaniwa. Kipengele cha kulipwa mara tatu usikiwekee matumaini. Kuhusu zabuni ya hoteli, jibu linategemea jambo moja ambalo hukulitaja, na nitakuuliza huko mbele. Nitaeleza kila moja pamoja na sababu zake, kwa kuwa siku utakayokaa mezani na watu hawa, au na wakili wao, kujua sababu kutakufaa kuliko kujua majibu.

Tuanze na yale maneno yaliyokutisha: "karatasi ya WhatsApp si mkataba." Ni kweli, ila si kwa maana wanayoikusudia. Karatasi yoyote ile, hata iliyofungwa kwa utepe na kugongwa mihuri mitatu, si mkataba. Mkataba ni makubaliano yenyewe. Karatasi ni ushahidi kwamba yalikuwepo na kwamba yalisema hivi na vile. Wahenga hawakusema mali bila daftari si mali. Walisema hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo kwa mkataba wa mdomo. Unaweza kuwa halali kabisa na bado ukakushinda kuuthibitisha, na mtu asiyeweza kuthibitisha hutoka mahakamani sawa na asiyekuwa na mkataba. Watu huchanganya mambo haya mawili kila siku, na upande wa pili hunufaika na mkanganyiko huo.

Mwaka 1954 mahakama ya juu ya jimbo la Virginia, Marekani, iliamua kesi ya shamba lililouzwa kwa maneno machache yaliyoandikwa nyuma ya karatasi ya bili ya mgahawa, usiku, watu wakiwa wanakunywa. Muuzaji alijitetea kwamba alikuwa amelewa na kwamba alikuwa anatania tu. Mahakama haikutaka kujua alichokificha moyoni. Iliangalia alichosema na kutenda mbele ya mwenzake, na jinsi mtu mwenye akili timamu angekielewa. Ikaamuru mnunuzi apewe shamba lake. Kipimo hicho ndicho kitakachotumika kwako. Hakuna atakayeuliza meneja yule alikuwa anawaza nini alipobonyeza dole gumba. Kitakachoulizwa ni jinsi wewe ulivyokuwa na haki ya kumwelewa.

Kuhusu WhatsApp yenyewe, mjadala huu umeshapitwa na wakati. Mwaka 1996 chombo cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia sheria za biashara ya kimataifa, UNCITRAL, kilitoa sheria ya mfano yenye kanuni nyepesi sana: makubaliano yasinyimwe nguvu kwa sababu tu yamefanyika kielektroniki. Nchi nyingi zimeichukua kanuni hiyo na kuiweka katika sheria zao. Na dole gumba lako nalo lina ndugu yake. Mwaka 2023 mahakama moja katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, ilisikiliza shauri la mkulima aliyetumiwa picha ya mkataba wa kuuza mazao yake, akajibu kwa alama ya dole gumba, kisha hakupeleka mzigo. Alisema alimaanisha "nimeipata" tu. Jaji aliangalia biashara za nyuma kati ya watu hao wawili, akakuta mkulima alikuwa na kawaida ya kujibu kwa neno moja au mawili na mzigo ukafika, akasema dole gumba lile ni saini. Isikupe kichwa kikubwa, maana dole gumba kutoka kwa mtu ambaye hamjawahi kufanya naye biashara linaweza kumaanisha "nimeona". Lakini wewe una kitu kizito zaidi ya dole gumba: miezi mitano ya mzigo na malipo. Kampuni inayoleta chupa elfu nne kila mwezi, kwa bei ileile iliyo kwenye karatasi, halafu ikasema karatasi hiyo haikuwa na maana, ina kazi kubwa ya kumweleza jaji ilikuwa inafuata nini miezi yote hiyo.

Sasa rafiki yako na mashahidi wake wawili. Shahidi hauzai mkataba, wala wakili, wala muhuri. Shahidi anasaidia siku mtu atakapoikana saini yake. Wakili anasaidia kabla, ili maneno yasije kuwageuka. Muhuri wa kampuni, katika sheria za nchi nyingi za sasa, umebaki desturi zaidi ya sharti. Yapo makubaliano ambayo sheria inayadai kwa maandishi, na wakati mwingine kwa mashahidi: ununuzi wa ardhi na nyumba, dhamana ya kulipa deni la mtu mwingine, na katika baadhi ya nchi mikataba inayozidi muda au thamani fulani. Kanuni hiyo ilianzia katika sheria ya Uingereza ya 1677, iliyotungwa ili kuzuia watu kuleta mashahidi wa kununuliwa kuapa juu ya mikataba ambayo haikuwahi kuwepo. (Utaona kichekesho hapa: sheria ya maandishi ilizaliwa kwa sababu mashahidi hawakuaminika.) Kuuziana chupa si ardhi wala dhamana, na hata kama maandishi yangedaiwa, unayo.

Jambo moja la kuuliza mapema ni ushuru wa stempu. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Uingereza hutoza ushuru huo kwa hati za aina fulani, na hati inayostahili stempu lakini haina hukataliwa kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe, pamoja na faini. Hii ni kasoro inayotibika, haiui mkataba. Lakini wakili wa upande wa pili akikushtukiza nayo siku ya kesi, utapoteza muda na fedha bure.

Basi nini hasa kinachofanya makubaliano yawe mkataba? Sheria ya mikataba ya India ya 1872, ambayo maneno yake yaliingia katika sheria ya Tanzania karibu kama yalivyo, inataka ridhaa huru, watu wenye uwezo wa kisheria, malipo halali, lengo halali, na kwamba sheria nyingine isiwe imeyatamka makubaliano hayo kuwa batili. Ufaransa, iliyorekebisha sheria yake mwaka 2016, imebaki na mambo matatu: ridhaa, uwezo, na maudhui halali yanayojulikana. Njia mbili, ila zinafika karibu mahali pamoja. Huhitaji kuzikariri. Tupitishe karatasi yako humo tuone inakwama wapi.

Ridhaa huanza na pendekezo la upande mmoja na kukubali kwa upande mwingine. Angalia nani alipendekeza nini. Karatasi ilitoka kwao. Kama ilikuja ikiwa kamili, bila maneno kama "rasimu" au "kwa majadiliano", basi lilikuwa pendekezo, na mkataba ulikamilika uliporudisha picha yenye saini yako. Hapo dole gumba ni nyongeza tu. Lakini kama kabla ya kusaini ulifuta mstari au ukabadilisha idadi kwa kalamu, hukukubali pendekezo lao. Ulilitupa na kuleta lako. Kanuni hiyo imesimama tangu kesi ya Hyde na Wrench ya 1840. Hapo dole gumba linakuwa ndilo kukubali, na uzito wake unapanda ghafla. Kwa hiyo fungua picha uliyotuma uitazame vizuri, halafu soma jumbe zilizotangulia. Kama mahali fulani meneja aliandika "nikishapata baraka za mkurugenzi nitakujulisha", nataka ulijue hilo leo, si siku utakapolisikia kutoka kwa wakili wake.

Malipo halali kwako hayana shida, kwa kuwa ni chupa kwa fedha. Nayataja kwa sababu ya methali tunayoipenda, ahadi ni deni. Katika sheria zenye asili ya Kiingereza, ahadi tupu si deni. Lazima kila upande utoe kitu au ujifunge kufanya kitu, hata kiwe kidogo. Kama mwezi wa tatu walikuambia "kwa uaminifu wako tutakupa chupa mia tano bure", usiweke hilo kwenye madai. Ridhaa ya kulazimishwa, udanganyifu, mtu ambaye hajatimiza umri wa utu uzima, biashara haramu: sioni dalili ya lolote kati ya hayo katika maelezo yako, nami sitakuchosha nayo. Ila ujue tofauti moja, maana wakili wao anaweza kuyatumia maneno haya kukuchanganya. Makubaliano ya kufanya jambo lililokatazwa na sheria ni batili tangu mwanzo, kana kwamba hayakuwahi kuwepo. Makubaliano yaliyopatikana kwa ulaghai au vitisho yanabatilika tu: aliyeonewa ana hiari ya kuyavunja au kuendelea nayo, na akijua ameonewa kisha akaendelea kwa miezi mitano, huenda hiari hiyo ameshaipoteza.

Tufike kwenye hoja ambayo nadhani wataitegemea zaidi, ya meneja asiye na mamlaka. Inatisha kuisikia, na watu wengi wakiambiwa hivyo hufunga faili. Kampuni haina mkono wa kushika kalamu, hivyo lazima isainiwe na binadamu, na sheria imelifikiria sana swali la binadamu yupi. Jibu lake ni kwamba mamlaka ni ya aina mbili. Yapo yale ambayo kampuni imempa mtu kwa kweli, ndani kwa ndani. Na yapo yale ambayo kampuni yenyewe imewafanya watu wa nje waamini kuwa anayo, kwa kumpa cheo, ofisi, barua pepe yenye jina lake, na kumwacha ashughulike na wateja. Aina hii ya pili inaifunga kampuni hata kama ndani walimkataza. Meneja mauzo kuuza bidhaa za kampuni kwa bei yake ya kawaida ndiyo kazi aliyowekewa kiti kuifanya. Ingekuwa amekuuzia jengo la kampuni, ningekuambia ulipaswa kushtuka.

Na hata tukikubali kwamba hakuwa na mamlaka kabisa, kampuni inaweza kuuridhia mkataba baadaye kwa matendo. Kutoa ankara mara tano na kupokea fedha mara tano ni kuridhia, kwa sharti moja ambalo lazima ulithibitishe: fedha ziliingia kwenye akaunti ya nani? Kama ni akaunti ya kampuni, na ankara zina jina la kampuni, hoja yao haina miguu. Kama ulikuwa unatuma kwenye namba ya simu ya meneja mwenyewe, hadithi inabadilika sana, na huenda mtu wako ni meneja kuliko kampuni. Nimeona mashauri mawili yakianguka hapo, na katika yote mawili mteja alikuja kutaja habari ya akaunti mwishoni kabisa, kama jambo dogo.

Sasa miezi sita ya mwisho, na lile neno "bei itakubaliwa baadaye". Hapa siwezi kukutia moyo kupita kiasi. Mahakama hutekeleza walichokubaliana watu; haiwatungii makubaliano ambayo hawakuyafanya. Katika kesi iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1929, serikali ilikubali kumuuzia mfanyabiashara masalio ya vifaa vya mahema, kwa bei zitakazokubaliwa kadiri mzigo utakavyopatikana. Hawakuelewana. Majaji wa ngazi ya juu kabisa wakasema hapakuwa na mkataba, kwa kuwa kukubaliana kwamba mtakuja kukubaliana si kukubaliana. Ukiishia hapo umeshindwa.

Lakini mwaka 1934 ikaja kesi ya petroli. Kampuni ya mabasi ilikuwa imenunua kipande cha ardhi kwa mwenye kituo cha mafuta, na ikaahidi kununua petroli yake yote kwake, kwa bei itakayokubaliwa mara kwa mara. Wakafanya hivyo miaka mitatu bila tatizo, kisha kampuni ikataka kujitoa kwa hoja ileile, kwamba bei haikutajwa hivyo mkataba hakuna. Safari hii mahakama ilikataa. Watu hawa walikuwa wameshautekeleza mkataba kwa miaka, walikuwa wameweka njia ya usuluhishi endapo watatofautiana, na ahadi ya petroli ilikuwa sehemu ya biashara kubwa zaidi ambayo upande mmoja ulikuwa umeshafaidi. Ikasemwa kwamba bei inayokusudiwa ni bei ya haki. Sheria ya biashara inayotumika katika majimbo karibu yote ya Marekani nayo inaruhusu mauzo yenye bei iliyoachwa wazi, na kuijaza kwa bei ya haki wakati wa kupeleka mzigo, mradi pande zote zilikusudia kujifunga.

Wewe uko kati ya kesi hizo mbili. Kwa faida yako: mkataba ni mmoja wa mwaka mzima, umeutekeleza karibu nusu, na chupa ni bidhaa yenye bei ya soko inayoweza kuulizwa kwa wauzaji wengine. Dhidi yako: karatasi haina njia ya kukata shauri mkishindwa kuelewana. Soma mstari ule tena. Kama umeandikwa "bei itakubaliwa kulingana na soko", yale maneno matatu ya mwisho yanakupa kipimo, na kipimo ndicho kinachookoa mikataba ya namna hii. Kama hayapo, ningekushauri uichukulie miezi hiyo sita kama kitu cha kufanyia mazungumzo. Usijenge kesi nzima juu yake.

Kupanda kwa bei ya malighafi kunajibiwa kwa maneno machache. Mtu anayeuza kwa bei iliyopangwa mbele ameibeba hatari hiyo mwenyewe. Ndiyo maana ya kupanga bei. Mfereji wa Suez ulipofungwa Novemba 1956, wauzaji waliokuwa wamejifunga kupeleka karanga za Sudan hadi Hamburg, kwa bei iliyokwisha kujumuisha usafirishaji, walisema mkataba umekufa kwa kuwa meli ingelazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Majaji wa Uingereza waliwaambia mwaka 1961 kwamba safari ndefu na ghali bado ni safari, na mkataba wao uko hai. Nchi za mkondo wa Kifaransa zina ulegevu kidogo: tangu 2016 sheria ya Ufaransa inamruhusu aliyeelemewa na mabadiliko yasiyotarajiwa kuomba mazungumzo mapya, lakini inamtaka aendelee kutimiza wajibu wake wakati mazungumzo yanaendelea. Msambazaji wako hakuomba mazungumzo. Alisitisha tu.

Kile kipengele cha mara tatu, nilikuambia usikiwekee matumaini. Sheria inakubali watu wapange mapema kiasi cha fidia, kwani huokoa ubishi. Haikubali kukomoana. Kwa Uingereza kipimo cha zamani, cha 1915, kilikuwa kama kiasi kile ni makisio ya kweli ya hasara. Tangu 2015 swali ni kama kinalinda maslahi halali ya biashara bila kupita kiasi. Sheria ya India, na zilizochukuliwa kwake, humpa aliyeonewa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Jaji wa Ufaransa anaweza kukipunguza kikiwa kimezidi mno. Mara tatu ya thamani ya mkataba wote, kwa kosa la kutoleta chupa, haipiti kwenye kipimo chochote kati ya hivyo. Sikusemi wewe, lakini vipengele vya namna hii mara nyingi huandikwa na mtu anayetaka kuonekana mkali. Jipoze kwa hili: kikianguka chenyewe, sehemu nyingine za mkataba kwa kawaida hubaki zimesimama, na haki yako ya fidia ya kawaida inabaki palepale.

Fidia hiyo ni tofauti kati ya bei ya mkataba na bei uliyolipa kwingine, pamoja na gharama za lazima. Ulifanya vizuri kununua kwingine, maana anayedai anatakiwa kupunguza hasara yake. Aliyekaa akasubiri biashara ife ili dai liwe kubwa hukatwa sehemu aliyoweza kuiepuka. Jambo moja tu: ulinunua kwa bei ya kawaida ya soko, au uliparamia wa kwanza uliyemwona? Weka ushahidi kwamba uliuliza bei sehemu mbili tatu.

Na sasa swali nililokuahidi. Wakati mnaingia mkataba, msambazaji alijua kuhusu zabuni ya hoteli? Mwaka 1854 iliamuliwa kesi ya kinu cha kusaga nafaka huko Gloucester, Uingereza. Mhimili wa mashine ulivunjika, ukapewa wasafirishaji waupeleke kwa mafundi Greenwich uwe kielelezo cha kutengenezea mwingine. Wakachelewa, kinu kikasimama, mwenye kinu akadai faida aliyoikosa. Hakuipata. Mahakama ilisema unalipwa hasara inayotokana na uvunjaji kwa mwenendo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote mbili ziliifikiria wakati wa kufunga mkataba. Na wasafirishaji hawakuwa wameelezwa kwamba kinu kizima kinasubiri chuma kile. Kanuni hiyo imesambaa dunia nzima. Angalia kama kuna ujumbe wako hata mmoja, kabla ya kusaini, unaosema "nahitaji uhakika wa chupa kwa kuwa nawania zabuni". Ukiwepo, dai lako la zabuni lina pa kushika. Ukiwa ulimwambia baada ya kusaini, umechelewa. Na hata ukiwepo, utaulizwa kama kweli ungeishinda zabuni hiyo.

Cha kufanya sasa. Usianze na mahakama. Andika barua ya madai iliyotulia, umwandikie mkurugenzi wa kampuni, usimwandikie meneja. Taja tarehe ya mkataba, mizigo mitano, malipo matano, na mzigo wa mwezi wa sita usioletwa. Weka hesabu ya tofauti ya bei na siku unazowapa, kama kumi na nne. Kuhusu miezi iliyobaki pendekeza mkutano wa kupanga bei ya soko; ukifanya hivyo unaonekana mtu wa biashara, na wao wakikataa hata kukaa, kukataa huko kutakusaidia baadaye. Kama kuna ankara unayodaiwa nao, usiizuie kwa hasira kabla ya kupata ushauri, maana unaweza kugeuka wewe kuwa mvunja mkataba.

Wakili wa ana kwa ana utamhitaji kama kampuni itajibu kwa barua ya wakili wake, kama karatasi yako ina kipengele cha usuluhishi au cha mahakama ya nchi nyingine, kama fedha zilipita kwa meneja, au kama unataka kudai kitu zaidi ya mwezi wa sita. Mpelekee kila kitu, pamoja na jumbe zinazokuaibisha. Muulize mapema gharama zote dhidi ya kiasi unachoweza kupata. Tofauti ya bei ya mwezi mmoja huenda isilipe hata nauli na ada, na nchi nyingi zina utaratibu mwepesi wa madai madogo ambao hauhitaji wakili. Muulize pia kama kampuni hii ina mali ya kukamatwa ukishinda, kwa sababu hukumu ni karatasi mpaka mtu ailipe.

Muda nao unakwenda. Madai ya mkataba yana ukomo: miaka 6 kwa Uingereza, Kenya na Tanzania, miaka 5 kwa Ufaransa, na Ujerumani ni 3, inayohesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka ambao dai lilizaliwa. Una nafasi, ila kumbukumbu za watu na simu zao hazidumu muda huo.

Leo hii, kabla hata ya barua, hamisha mazungumzo yote ya WhatsApp na meneja yule, pamoja na picha na tarehe zake, uyaweke mahali pawili. Kusanya ankara, risiti za benki na hati za kupokelea mzigo kwa mpangilio wa miezi. Usifute ujumbe wowote, hata ule uliomtukana. Na simu yenyewe usiiuze wala kuipeleka kwa fundi mpaka shauri hili liishe.